Uzi wa Gauni Jeupe

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi cherehani, nami siongezi wala sipunguzi. Wifi yake alikuwa amemtupia virago nje huku mvua inanyesha, na kwa dhiki hiyo dalali akamwonyesha chumba kimoja chenye jiko na choo humo humo.

"Maji na umeme vimo ndani ya kodi, dada," dalali alimwambia. "Wewe shona mpaka uchoke."

Kwa mwenye cherehani ya umeme, hiyo ni bahati ya mtende kuota jangwani. Akahamia bila kuuliza mpangaji aliyetangulia alikwenda wapi.

Jioni ya kwanza umeme ukakatika mtaa mzima, na gauni jeupe la bibi harusi, linalotakiwa asubuhi, liko nusu. Mteja mwingine hakuwa naye. Akajiinamia gizani, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Ndipo cherehani ikaanza kushona. Krrr, krrr, kisha kimya kifupi, kama mtu anayegeuza kitambaa. Akapapasa ukutani, akachomoa waya. Plagi ikawa mkononi mwake, na cherehani inaendelea.

Taa ziliporudi, gauni lilikuwa limekwisha, pindo limenyooka kuliko awezavyo yeye. Lakini uzi mweupe kwenye mashine haukuwa umepungua. Ule wa kwenye pindo ulikuwa mweusi, mwembamba, unanukia mafuta anayopaka nywele zake.

Akapeleka mkono kisogoni. Msuko mmoja haukuwepo, na ngozi pale ilikuwa laini kama haijawahi kuota kitu.