Mashine Haijui Mmenuniana

Cherehani zilikuwa zinalia kwa pamoja kwenye kibanda cha fundi nguo, na watu wamejazana mlangoni, kila mmoja akidai yeye ndiye aliyewahi. Mwanamume mrefu, mwembamba, ambaye kila mtu alimwita Msumari isipokuwa mama yake mzazi, alipokea ovaroli ya buluu akaivaa papo hapo juu ya shati. Mikono ikamwishia kwenye viwiko. Miguu ndiyo usiseme.

"Samahani, kaka. Umevaa nguo yangu."

Akageuka. Dada mfupi mwenye miwani minene na kitambaa cha njano kichwani alikuwa ameshika ovaroli ambayo ingemtosha yeye na jirani yake.

"Mbona inanikaa vizuri?" Msumari akasema.

"Inakukaa kama soksi. Vua kabla haijachanika, kesho naanza nayo kazi."

"Wapi?"

Dada akataja kiwanda na mashine atakayoshika. Msumari akacheka peke yake. Kumbe ni kiwanda anachofanya kazi yeye, na mashine ni ile ile anayoshika: yeye zamu ya asubuhi, dada huyu zamu ya mchana.

Sasa nikwambie kuhusu hiyo mashine. Ilikuwa ya kuchonga vyuma vya pampu, inaongozwa na kompyuta, tiifu kupita kiasi na kipofu kabisa. Ili ijue chuma kiko wapi, mtu hushusha kijiti chenye kitone chekundu nchani, mafundi wanakiita Kipapasio. Kinagusa ukingo wa chuma, na pale kilipogusa ndipo mashine inapoanzia kuhesabu. Pale panaitwa sifuri. Meza ilikuwa na majiliwa mawili ya kubania vyuma, basi kukawa na Sifuri ya Kwanza na Sifuri ya Pili. Na desturi ya pale ilikuwa kwamba anayetoka zamu haondoki mpaka amtajie anayeingia sifuri zake, na anayeingia azirudie kwa sauti.

Mapenzi yao yalizaliwa kwenye kutajiana huko.

"Sifuri ya Kwanza, kona ya kushoto."

"Kona ya kushoto. Na wewe jioni utakuwa wapi?"

"Hilo halimo kwenye makabidhiano, Miwani."

"Basi liweke."

Akaliweka. Zikawa simu asubuhi, simu jioni: umekula, umefika, mbona sauti nzito leo. Wenzao wakawachoka.

Siku moja ya mapumziko Miwani alipiga, ikapokelewa na sauti ya kike, laini, yenye usingizi.

"Anaoga. Nimwambie ni nani?"

Miwani akakata. Alibaki amekaa kitandani, anaiangalia simu kama imemtukana. Msumari alipopiga, hakupokea. Walipokutana kazini akamwuliza, "Kuna nini, mpenzi?"

"Kamuulize huyo anayekuogesha."

Ukweli ulikuwa mwepesi, ungetoka kwa pumzi moja. Lakini Msumari akapandwa na kiburi: kama haniamini, basi. Wakanuniana, na watu wazima wakinuna hakuna mtoto anayewafikia. Mchana wa siku iliyofuata, alipomwona Miwani anaingia, akabeba begi lake akapita mlango wa nyuma. Hakutaja sifuri hata moja.

Alikuwa kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu, alipokumbuka.

Asubuhi ile alikuwa amelisogeza jiliwa la kushoto ili kipande kirefu kienee. Alilipima upya, na vipimo vipya akavihifadhi kwenye Sifuri ya Pili. Sifuri ya Kwanza ilibaki inaelekeza pale pa zamani, na pale pa zamani sasa palikuwa na kibanio cha jiliwa, chuma kigumu. Kazi zote za Miwani zinasoma Sifuri ya Kwanza. Akibonyeza kitufe, kisu kitashuka kwa kasi juu ya kibanio, kitavunjika na kuruka vipande. Kioo cha mlango wa mashine kilikuwa na ufa ambao kila siku waliahidiwa utashughulikiwa, na Miwani hupenda kuchungulia hapo hapo.

Akapiga. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Kaka, tulia nikumalizie," kinyozi akasema.

"Pokea, mama. Pokea nakuomba," Msumari akaiambia simu, kisha akatoka mbio, kitambaa cha kinyozi kingali shingoni. Huku anakimbia akampigia mlinzi wa getini.

"Mzee, nenda karakana umwambie Miwani asibonyeze kitu."

"Mwanangu, na goti hili? Nitafika, ila usiniulize lini."

Kule karakana, Miwani aliliona jina la Msumari likiwaka kwenye simu, likizima, likiwaka tena. Akailaza kifudifudi juu ya sanduku la vifaa. Akampigie kwanza huyo wa bafuni, akajisemea.

Msumari alimpita mlinzi njiani. Alipofika mlangoni, mashine ilikuwa kimya, na kimya kile kilimtisha kuliko kelele yoyote. Miwani alikuwa ameketi juu ya kreti. Kwenye skrini kulikuwa na onyo jekundu.

"Umeumia?"

"Mkono ulikuwa tayari kwenye kitufe." Hakumtazama. "Halafu nikajiambia, mtu aliyenificha mwanamke, kwa nini nimwamini kwenye sifuri alizoacha? Nikakishusha Kipapasio nipime mwenyewe. Kikagusa chuma pasipotakiwa kuwa na chuma, mashine ikasimama. Ningekuwa nakuamini kama juzi, ningebonyeza."

Msumari akakaa chini, kwenye sakafu ya mafuta.

"Nilipita mlango wa nyuma ili nikukomoe," akasema. "Ona nilivyotaka kukukomoa. Na yule ni wifi yako, Miwani, dada yangu wa tumbo moja. Alikuja kulala kwangu, yuko safarini."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa nini hukuuliza?"

Miwani akainua macho, akakiona kile kichwa, upande una nywele na upande hauna, akacheka huku machozi yanamtoka.

"Tukinuniana hapa tena, mmoja wetu atazikwa," Msumari akasema. "Kubali nikuoe. Tununiane nyumbani, kwenye sufuria na viti."

"Naogopa," Miwani akasema. "Naogopa siku nitakayokuamini tena kwa moyo wote, nikabonyeza bila kupima."

"Basi pima. Kila siku pima, hata nikikutajia. Sitanuna."

"Hata mbele ya watu?"

"Hata mbele ya mama yako."

Miwani akajifuta macho kwa mkono wa ovaroli, akainuka kwenda kukipima kibanio upya. Alipokuwa ameshampa mgongo akasema, "Mama hushinda nyumbani Jumapili. Njoo umwambie mwenyewe."