Chewa Yatoka Makumbushoni

Mzinga ulilipuka, na watazamaji wote wakainama. Risasi ya mwanga ilipita juu ya vichwa vyao ikaipiga manowari ya upande wa pili, na mlingoti wake ukawaangukia watu bila kumgusa hata mmoja. Hivyo ndivyo historia ilivyofundishwa katika Makumbusho ya Wanamaji jijini Tanga. Mtambo wa taswirahai ulitandaza bahari ya mwanga sakafuni, meli za karne zilizopita zikapigana upya, na mgeni akasimama katikati ya vita, soda yake mkononi.

Mhandisi Raya Kombo hakuinama. Mawazo yake yalikuwa kwenye sherehe. Mchana huo ubongobahari, akili unde aliyoibuni yeye, ungepewa ukumbi wake humo makumbushoni. Ndio ulioendesha kila chombo kuanzia Mtwara hadi Lamu, haulali, hauchoki, haupotei njia. Tangu uanze kazi hakuna abiria aliyezama. Mama yake, Bi Mize, alikuwa njiani kutoka Pemba kuja kumwona mwanawe akipongezwa.

"Na huyu ndiye aliyetustaafisha sisi wote," Kapteni Semboja, mwanamaji wa zamani aliyewatembeza wageni, aliwaambia watu akimwonyesha Raya. Alicheka kwa dhati, na wageni wakacheka naye.

Ghafla ile bahari ya mwanga ikatoweka. Taa zikazimika, feni zikanyamaza.

Raya akakimbilia dirishani. Ghuba nzima ilikuwa imetulia vibaya: hakuna chombo kilichokata maji. Akaelewa mara moja. Ilikuwa dhoruba ya jua. Jua lilikuwa limerusha wimbi la chembechembe zenye nguvu, likavuruga setilaiti zote. Ubongobahari, ulipoona hauwezi kuziamini taarifa zake, ulifanya kile alichoufundisha mwenyewe: ulizima injini ukasubiri. Gari likizimwa barabarani husimama. Baharini hakuna kusimama.

Semboja alikuwa amekwisha chukua darubini ya shaba kwenye rafu ya maonyesho. "Kivuko cha Pemba," alisema. "Upepo unakisukuma mwambani."

"Vyombo vya uokoaji je?" mgeni mmoja aliuliza.

"Navyo vina ubongo wangu," Raya akajibu.

Nje, kwenye gati ya makumbusho, ilikuwa imefungwa Chewa, manowari kuukuu ya doria. Injini yake ya dizeli iliwashwa kwa hewa iliyobanwa, usukani wake ulivutwa kwa minyororo, na kila mwisho wa mwezi iliungurumishwa ili kuwafurahisha wageni.

"Afande, inaweza kutoka?"

"Inaweza. Lakini inataka watu, Mhandisi, na mimi ni mmoja."

Raya akawageukia wageni. "Mama yangu yumo mle. Nani anakuja nasi?"

Kulikuwa na walimu wa sekondari waliokuja matembezi, na maharusi waliokuja kupiga picha. Bibi harusi, Nasra, alikuwa wa kwanza. Alikunja gauni lake jeupe hadi magotini akashika njia ya gatini. Bwana harusi akavua koti akamfuata, na walimu nyuma yao.

Raya alishuka chumba cha injini. Yeye aliyezoea kuamuru mamia ya vyombo kwa ncha ya kidole, sasa alizungusha gurudumu la vali kwa mikono miwili, huku sauti ya Semboja ikimjia kupitia bomba la kusemea. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, kisha ikanguruma hadi meno yakamgongana.

"Mbele, nusu!" sauti ikaamuru. Halafu, "Mbele, yote!"

Kule chini hakuona kitu. Alisikia vishindo vya miguu, na Semboja akimkaripia bibi harusi kama kuruti: "Rusha juu! Juu zaidi!" Kamba ya kwanza ikaanguka majini. Ya pili ikadakwa kivukoni. Kisha manowari nzima ikatetemeka. Amari, ile kamba nene ya kukivutia kivuko, ilikuwa imekaza. Raya akasukuma mtambo wa kasi hadi mwisho, akaukandamiza kwa bega, akimwita mama yake bila kujijua.

Mtetemo ulipopungua, vigelegele vilivuma juu ya sitaha. Mwamba ulikuwa nyuma yao.

"Mhandisi, njoo juu!" Semboja aliita. "Injini inachemka, haitatufikisha bandarini. Hapa kina si kirefu. Wanaweza kutulia." Akakigeukia kivuko, akapaza sauti: "Tieni nanga!"

Kivukoni mamia ya watu walitazamana. Hakuna aliyejongea.

"Tulikuwa tunaungoja ubongobahari utuambie la kufanya," Bi Mize alijibu kutoka ubavuni mwa kivuko, kanga ikimpepea. "Haukusema kitu, mwanangu. Nanga ndiyo kitu gani humu?"

Raya akatazama sehemu ya mbele ya kivuko. Nanga ilikuwepo muda wote, kule gubetini, futi chache kutoka walipoketi. Maji ya huku mwambani yalikuwa ya kina kifupi. Wangeweza kujiokoa wenyewe, laiti mmoja wao angejua.

Alirukia kivukoni. Breki ya mkono ya mnyororo wa nanga ilikuwa imegandishwa na tabaka za rangi nyeupe, maana tangu kivuko kiundwe hakuna aliyeigusa, hata yeye.

"Nielekeze, Afande!"

"Pasua rangi kwanza! Haya, vuta wenzo kwako! Na nyinyi wengine msiangalie tu, msaidieni!"

Akagonga kwa nyundo ya kuvunjia madirisha. Bi Mize akashika wenzo pamoja naye, kisha mwanamke mwingine, kisha wanaume watatu. Wakavuta kwa pamoja.

Mnyororo ukaachia. Ukashuka kwa kishindo kikubwa, ukitupa kutu na cheche, hadi nanga ikauma mchanga na kivuko kikageuza uso wake taratibu kuuelekea upepo. Kikatulia. Watu wakalipuka kwa furaha, wakakumbatiana hata wasiojuana.

"Afande," Raya alisema akihema, "utanifundishia manahodha wapya? Nataka watu, mmoja katika kila chombo."

Semboja alisimama wima kwenye sitaha ya Chewa, akapiga saluti.

"Mimi niandikeni wa kwanza," alisema Bi Mize, akipangusa rangi viganjani.