Breki za Gari la Shangazi

Kila siku akitoka shule, binti aliingia kwa mlango wa nyuma wa duka la mama yake, akatundika mkoba kwenye msumari, akavua sare na kuanza kazi. Lilikuwa duka la vipuri vya magari, jembamba kama ujia, limejaa maboksi hadi darini. Alifuta vumbi, akapanga plagi na taa, na kumwangalia mdogo wake wa miaka mitano asije akameza kitu. Mdogo huyo walimwita Nati, kwa sababu alikuwa mdogo, mgumu, na ukigeuka tu amepotea.

Yeye mwenyewe wateja walimwita Injinia. Alikuwa darasa la sita, na maneno ya mafundi hayakumpita. Alijua kuwa pedi za breki ni vile vipande vinavyobana diski ya gurudumu ili gari lisimame. Alijua pia kwamba pedi zikibana hupata moto, na kwamba kwenye boksi huandikwa joto ambalo pedi inalihimili. "Namba kubwa, pedi kali," aliwaambia wenzake darasani kwa sauti ya mtu mzima. Hakuna aliyembishia. Nani angeweza?

Siku moja mama alikwenda kwenye ofisi ya mizigo kuchukua vipuri vilivyofika.

"Akija mtu wa taa au plagi, mpe," alisema akifunga vifungo vya koti. "Akija mtu wa kitu kingine, mwambie anisubiri. Umesikia, mama?"

"Nimesikia."

Haukupita muda, ngurumo ikasikika nje na kioo cha dirisha kikatetemeka. Lilikuwa gari la shangazi yake: jekundu, la chini, lenye mabomba mawili ya moshi. Mtaa mzima uliliita Nyigu. Shangazi alikuwa muuguzi, na hakuna aliyeelewa jinsi mtu mpole vile wodini alivyopenda gari lenye hasira vile.

"Injinia! Wifi yangu yuko wapi?"

"Ametoka, shangazi. Anarudi sasa hivi."

"Sasa hivi ya mama yako naijua, ina watoto na wajukuu!" Shangazi alicheka, kisha akatazama saa yake. "Breki zinalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Fundi kasema pedi za mbele zimekwisha, na ananisubiri. Nipe za maana, mwanangu. Hili si gari la kubebea mchanga."

Binti alitazama rafu. Maboksi mawili yaliingiana na gari lile. La chini lilikuwa na namba mia nne, la juu mia nane. Kwenye kona ya boksi la juu kulikuwa na namba nyingine, ndogo: mia mbili. Hakujua ni ya nini. Akairuka. Akapanda kigoda, akashusha boksi la juu.

"Ni hizi."

"Una hakika? Mama yako angenipa hizi?"

Aseme hajui? Injinia mzima?

"Ndiyo, shangazi. Mama alisema gari kama lako lipewe hizi."

Mama hakuwahi kusema hivyo.

"Shangazi, na mimi! Na mimi nataka kwenda kwa fundi!" Nati alikwisharuka nje bila viatu.

"Panda. Lakini ukigusa honi, nakuuza."

Wakaondoka. Punde mvua ikaanza, kwanza matone machache, kisha ikamwagika barabara nzima. Binti alifuta kaunta ambayo ilikuwa safi tayari. Neno lile, "mama alisema", lilikuwa bado mdomoni kama dawa chungu isiyotaka kushuka.

Mama aliporudi, maji yalikuwa yakimchuruzika. Aliweka mzigo chini, akainua macho, akasimama.

"Pedi za rafu ya juu ziko wapi? Yule dereva wa mashindano anazifuata kesho."

"Kwani za juu zina nini, mama?"

"Zile ni za uwanja wa mbio. Hazishiki vizuri mpaka zipate moto. Huoni pameandikwa mia mbili? Hilo ndilo joto la kuanzia. Zikiwa baridi, unakanyaga breki na gari linaendelea na safari zake. Mtu akizifunga kwa barabara hizi zetu, tena na mvua hii..." Mama akakatiza. "Umempa nani?"

Jibu lilimjia lenyewe: amtaje dereva wa mashindano, kwamba amezipitia leo. Rahisi tu. Kesho mama akigundua, itakuwa kesho. Lakini macho yake yaliangukia kandambili za Nati pale mlangoni, moja imelala kifudifudi.

"Nimempa shangazi," akasema, na machozi yakaja pamoja na maneno. "Nimemdanganya kwamba ni wewe uliyesema. Na Nati yuko naye, mama. Wameenda kwa fundi."

Mama alichukua simu, akampigia shangazi. Iliita mpaka ikakata.

"Hapokei. Huwa hapokei akiwa anaendesha." Akampigia fundi. Karakana yake ilikuwa juu ya mteremko, na chini ya mteremko ule kulikuwa na njia panda ya malori.

"Haloo, mama wa vipuri!"

"Gari la wifi yangu liko wapi?"

"Nimeshamaliza. Si hilo linaelekea getini..."

"Mzuie! Asishuke mlima! Kimbia!"

Walisikia simu ikidunda juu ya kitu, halafu kelele za watu, halafu honi ndefu. Kisha simu ikakatika.

Mama alinyakua boksi la rafu ya chini, akalisukuma ndani ya koti, wakatoka mbio. Binti hakuhisi baridi wala maji yaliyoingia viatuni. Alihesabu kila honi aliyoisikia mbele yake. Walipopita kona ya mwisho, akaogopa kuinua uso.

Nyigu alikuwa amesimama getini, pua yake imezama kwenye rundo la matairi makuukuu. Upande wa pili wa rundo alisimama fundi, mikono imetanda, ameloa chapa. Shangazi alikuwa nje, ameshika mlango wa gari.

"Nimekanyaga, likaendelea!" alisema. "Mwendo wa kinyonga, wifi, na bado likaendelea! Chini kule ningefanyaje?"

Ndani ya gari Nati alipiga makofi. "Tena, shangazi! Tugonge tena!"

Fundi alijifuta uso kwa mkono uliojaa grisi, akazidi kujipaka. "Niliona ni za mashindano. Nikadhani umeamua kwenda uwanjani, maana kila siku unatutishia. Halafu zimetoka duka la wifi yako. Nikanyamaza. Nilitakiwa kuuliza."

Binti alisogea mbele.

"Shangazi, mama hakusema kitu. Nilitunga mimi. Nilidhani namba kubwa ndiyo bora. Sikujua, nikaona aibu kusema sijui."

Shangazi aliachia mlango wa gari, mvua ikimpiga kichwani. "Mwanangu," alisema, "nilikuwa nimembeba mdogo wako." Binti alilia kwa sauti, na shangazi akamvuta kwapani.

Mama akatoa boksi kavu ndani ya koti. "Wifi, nikuulize kama mteja yeyote. Gari hili unalipeleka wapi?"

"Kazini alfajiri, sokoni, nyumbani. Uwanja nautaja kwa mdomo tu."

"Basi zako ni hizi. Joto zinalohimili si kubwa kama la zile, lakini zinashika tangu mguu wa kwanza, kwenye baridi na kwenye maji."

Fundi akafungua magurudumu upya. Alipomaliza, akalijaribu gari ndani ya uwanja wa karakana, polepole, kisha kwa kasi kidogo, akikanyaga na kuachia. Kila mara lilisimama pale alipotaka. Nati peke yake ndiye aliyesikitika.

Mvua ilipopungua, mama alikaa na binti yake kwenye benchi la karakana, akamkausha nywele kwa upindo wa gauni.

"Hawataniita Injinia tena," binti alinong'ona.

"Watakuita. Leo umejifunza na umesema kweli ilipokuwa ngumu kusema. Na mimi nina sehemu yangu: nimekuacha usikie maneno ya kazi bila kukufafanulia. Kuanzia leo tutasoma maboksi pamoja, namba kubwa na ndogo." Akamwinua kidevu. "Lakini shika hili. Watu hawaji kwetu kwa sababu tunajua kila kitu. Wanakuja kwa sababu tukisema 'ni hii', ni hii kweli. Ukimwambia mtu 'sijui', atasubiri au atauliza kwingine, na atafika salama. Ukijifanya unajua, umemweka barabarani bila breki, naye anakushukuru na kukupungia mkono."