Nani Alikuwa Akiendesha

Kila jioni saa kumi na mbili na nusu, Noreen alifuta meza ya jikoni, akateleka birika la chai, kisha akampigia simu mama yake huko Mayo, ng'ambo ya bahari. Hawakuwa na habari kubwa za kupeana. Waliulizana kuhusu mvua, magoti, na nani kaonekana kanisani. Binti yake, Dervla, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alifanya kazi za shule kwenye meza hiyohiyo, akingoja zamu yake.

"Umekula?" Bibi Attracta alimuuliza kila siku.

"Nimekula, Bibi."

"Umekula nini?"

Akijibu viazi, bibi aliridhika. Akijibu tambi, bibi aliguna, na mguno huo ulivuka bahari yote mpaka kwao Coventry, Uingereza.

Jumanne moja ya mwezi wa Februari, simu ilipokelewa na Mjomba Fintan. Dervla alimwona mama yake akikaa kitini taratibu, kitambaa cha kufutia meza bado kiko mkononi. Mama hakulia papo hapo. Alisema, "Ndiyo, Fintan. Ndiyo. Tunakuja," akakata simu, akaendelea kukikunja na kukikunjua kile kitambaa.

Msiba wa Bibi haungoji. Jioni ileile walitafuta tiketi za ndege, na baada ya tiketi wakatafuta gari la kukodi, kwa maana toka uwanja wa ndege wa Knock hadi nyumbani kwao Cloonagh hakuna basi. Noreen alikuwa mpishi katika shule ya msingi, na kila senti yake alijua inakokwenda.

"Nisomee, mwanangu," alisema akiisukuma kompyuta upande wa Dervla. "Macho yangu leo hayanisaidii."

Kisha akamweleza. Gari la kukodi lina bima yake, lakini bima hiyo haibebi yote. Likikwaruzwa, kiasi cha kwanza cha hasara anakibeba aliyelikodi. Wenye magari wanakuuzia kinga ya kiasi hicho palepale kaunta, kwa bei ya kukutoa jasho. Mwenye akili huinunua mapema kwa kampuni nyingine, kwa bei ndogo. Mama aliiita bima ya pembeni.

Dervla akasoma masharti kwa sauti. "Inunuliwe kabla ya kuchukua gari. Kila anayeendesha lazima jina lake liwe kwenye mkataba wa kukodi. Akiendesha mtu mwingine yeyote, bima hailipi."

"Nani mwingine ataendesha? Kuongeza dereva ni pesa. Andika jina langu, bonyeza."

Dervla akabonyeza.

Pale Knock, kijana wa kaunta alijaribu bahati yake. "Mama, ukinunua kinga yetu, hata ukirudisha usukani peke yake hudaiwi kitu."

"Bima ninayo."

"Hiyo ya pembeni? Gari likiguswa, sisi tunakata kwenye kadi yako kwanza, halafu wewe ndiye utakayewafukuzia wao."

"Nitawafukuzia," alisema Noreen, na akaenda kulizunguka gari pande zote, akilipiga picha mlango kwa mlango.

Nyumbani Cloonagh, jeneza lilikuwa sebuleni, saa ya ukutani imesimamishwa kama ilivyo desturi ya kwao, na majirani walipita mmoja mmoja wakishika mikono. "Poleni kwa msiba. Poleni sana kwa msiba." Jikoni sandwichi zilikatwa tangu mchana, na chai haikukauka. Bibi alionekana mdogo mle ndani, mdogo kuliko sauti yake ya kwenye simu. Dervla alimgusa mkono, akashtuka jinsi ulivyokuwa wa baridi, akaona haya kwa kushtuka kwake.

Uani magari yalijaa hadi kwenye malisho. Katika kijiji kile, ukienda kwenye nyumba ya msiba unaacha funguo ndani ya gari, ili yeyote anayetaka kupita alisogeze. Baba yake Noreen alifanya hivyo, na babu yake kabla yake. Kufunga gari kwenye msiba wa jirani ni kama kumwambia kuwa unamshuku kwa wizi.

Noreen alilijua hilo tangu utoto. Lakini alimvuta Dervla pembeni kwa mkono, akamtia funguo mfukoni mwa koti. "Hizi zikae hapa. Usimpe mtu."

"Hata Mjomba?"

"Hata Mjomba. Jina lake halimo."

Asubuhi ya mazishi, gari la maiti lilifika kabla ya wakati, likakwama langoni. Kilichoziba njia kilikuwa gari lao la kukodi. Mjomba Fintan alitoka nje amevaa suti nyeusi iliyombana mabegani, akamwona Dervla mlangoni.

"Lete funguo."

"Mama alisema nisimpe mtu."

"Mama yako yuko ndani anamuaga mama yake. Wanataka kufunika jeneza. Unataka nikamtoe pale?"

Dervla akasita. Dereva wa gari la maiti alitazama saa yake. Bi Concepta, jirani wa ng'ambo ya barabara, akawaambia wenzake bila kupunguza sauti, "Hawa wa Uingereza bwana, wanafunga magari hata mbele ya maiti."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani, cha kupumulia tu. Lakini uso wa Dervla uliwaka moto. Alitoa funguo, na Bi Concepta na wenzake wakaingia ndani kuaga.

Fintan alikuwa ameendesha trekta tangu ana miaka tisa, na lango lile alilijenga yeye na marehemu baba yake. Pengine hayo ndiyo yaliyomponza. Alirudi nyuma kwa haraka ya mtu anayejijua, na ubavu wa kushoto wa gari ukaparuza nguzo ya mawe kuanzia mlango wa mbele hadi wa nyuma.

Akashuka, akausugua mkwaruzo kwa kidole gumba kana kwamba ungefutika. "Bima si mnayo?"

"Tunayo, Mjomba, lakini..."

"Basi. Usimwambie leo. Leo aache azike."

"Na kesho?"

"Kesho nitamwambia mwenyewe. Neno la mjomba wako."

Fintan hakuwa mtu mbaya. Miaka kumi na mmoja alimtunza mama yake mzazi, akamlisha na kumvisha viatu, wakati ndugu wengine wako mbali. Lakini kazi ya kukiri kosa ilimshinda kuliko kubeba ndama begani, na kesho yake ilikuwa na tabia ya kusogea mbele.

Wakati wa kwenda kanisani Noreen aliingia garini upande wa dereva, macho yamevimba, hakuona kitu. Aliuona mkwaruzo baada ya mazishi, akitoka makaburini na udongo viatuni. Alisimama mbele ya mlango ule muda mrefu.

"Nani kafanya hivi?"

"Itakuwa pale kanisani," akasema Bi Concepta. "Magari yalibanana kama nini."

Mjomba Fintan alitazama viatu vyake. Dervla akamtazama mjomba, akangoja. Mjomba akasema kuna mvua inakuja, afadhali waende ndani.

"Haya," alisema Noreen, akapiga picha. "Ndiyo maana tulinunua bima."

Siku mbili zilizobaki, Dervla hakuweza hata kumlilia bibi yake vizuri. Kila alipotaka kulia, alimkumbuka mjomba na lile lango. Kesho ikaja, na keshokutwa ikaja, na asubuhi ya kuondoka mjomba alimkumbatia kwa nguvu, akampa mkate wa soda uliofungwa kwenye taulo, asiseme neno. Wahenga hawakukosea waliposema ngoja ngoja huumiza matumbo, ila hapa tumbo lililouma lilikuwa la mtoto.

Yule kijana wa kaunta aliupima mkwaruzo kwa rula, akakata kiasi chote kwenye kadi ya Noreen: yuro elfu moja na mia nne.

Ndani ya ndege Noreen alisema, "Zile zilikuwa za kutupeleka misa ya mwezi. Lakini usijali. Bima ikitulipa, tunarudi."

Misa ya mwezi ndiyo inayofunga msiba kwao. Mwezi mmoja baada ya mazishi, padri hulitaja jina la marehemu altareni, kisha jamaa hunywa chai pamoja na kuanza kumzungumzia aliyekufa huku wakicheka tena. Noreen alikuwa amemwahidi mama yake hivyo, mdomo ukiwa karibu na jeneza. Dervla alisikia.

Jumamosi, meza ya jikoni ilifutwa, fomu ya madai ikafunguliwa kwenye kompyuta. Noreen alishaandika mengi: gari lilikuwa limeegeshwa kanisani, aliyeligusa hajulikani. Mstari wa mwisho ulikuwa na kisanduku cha kutia alama.

"Nisomee kabla sijatuma."

Dervla akasoma. "Nani alikuwa akiendesha, au gari lilikuwa limeegeshwa wapi..." Akameza mate. "Nathibitisha kwamba haya yote ni kweli."

"Tia alama basi."

Kidole cha Dervla hakikwenda. Aliijua hesabu yake vizuri kuliko mama: akisema, hakuna bima, hakuna safari, hakuna misa ya mwezi. Akinyamaza, jina la mama yake litakaa chini ya uongo ambao mama mwenyewe haujui.

"Si kanisani, Mama. Ni langoni kwa Bibi. Alikuwa Mjomba. Mimi ndiye niliyempa funguo."

Alisema yote bila kuinua kichwa, hadi maneno ya Bi Concepta, hadi kesho ya mjomba. Alipomaliza, birika lilikuwa limeacha kuchemka.

"Nilikwambia usimpe mtu," Noreen alisema hatimaye.

"Najua, Mama."

"Tutaikosa misa."

"Najua."

Hapo ndipo Noreen alipolia, kilio kile ambacho hakukilia siku ya simu, akimvutia Dervla kifuani, na haikujulikana nani alikuwa akimbembeleza nani.

Kisha akampigia kaka yake.

"Noreen, nisamehe," Fintan alisema kabla hajaulizwa. Lakini alipoelezwa sharti la bima, sauti yake ilishuka. "Sasa si muiache ilivyoandikwa? Kanisani. Nani atajua?"

"Mimi. Na huyu mtoto aliyekaa na siri yako wiki nzima. Unataka nimfundishe leo kwamba alikosea kunieleza?"



Noreen alifuta alichoandika. Akaandika upya: nyumbani kwa marehemu mama yangu, aliyekuwa akiendesha ni kaka yangu, ambaye jina lake halimo kwenye mkataba. Mwishoni Dervla akatia alama kwenye kisanduku. Baada ya siku nne jibu likaja, la adabu kabisa. Walimpa pole ya msiba, wakamshukuru kwa ukweli wake, wakasema hawawezi kulipa.

Ikafika Jumapili ya misa ya mwezi. Parokia ya nyumbani ilikuwa na kamera juu ya kwaya, iliyowekwa kwa ajili ya wagonjwa na walio mbali. Noreen na Dervla walivaa nguo za kanisani, wakaketi mbele ya kompyuta jikoni. Walichokiona ni visogo vya watu. Kisogo cha Fintan walikitambua kwa mabega ya ile suti, kwenye benchi la Bibi, mstari wa pili. Kando yake nafasi mbili zilikuwa wazi. Watu walisimama nyuma kwa kukosa viti, lakini hakuruhusu mtu akae pale.

Padri akafungua karatasi ya majina. "Leo tunamkumbuka..." Sauti ikakatika. Picha ikaganda, padri mdomo wazi. Iliporudi, alikuwa ameshafika kwenye sala nyingine.

Noreen aliweka kiganja juu ya kioo cha kompyuta, akakiacha hapo.

Baada ya misa simu ililia. Fintan alimtaka Dervla.

"Nimeuza fahali wangu mdogo mnadani," alisema. "Pesa za mama yako zitafika kesho, na safari hii ni kesho ya kweli. Lakini misa siwezi kuirudisha, mwanangu. Hiyo nimewanyang'anya."

"Na mimi nilitoa funguo, Mjomba."

"Ulitoa, na hilo ni lako, kwa sababu uliambiwa. Lakini kunyamaza nilikutwisha mimi, na haukuwa mzigo wako. Nisikilize. Mtu mzima akikuomba umfichie kosa lake, usikubali, awe nani, hata awe mimi. Ningesema siku ileile pale makaburini, tungejua mapema kuwa bima hailipi, ningeuza fahali mapema, na leo mngekuwa hapa. Ukweli uliochelewa nao una gharama, na hakuna bima yake."

Dervla akafuta pua kwa mkono wa gauni. "Mjomba, sauti ilikatika. Jina lake alilitaja?"

Upande wa pili palikuwa na vishindo vya vikombe, na watu wakizungumza wote kwa pamoja. Fintan akasogea mbali na kelele.

"Alilitaja," akasema. "Attracta. Alilitaja vizuri."

Dervla akageuka kwa mama yake, akamrudishia maneno hayohayo. Kisha mama akamvuta karibu, na Dervla akalitaja jina hilo tena.