Gemu ya Mama Ilivyopigwa 18+

Asubuhi ile nilifungua laptopu nikakuta mama yangu kapigwa muhuri wa 18+.

Ndiyo, mama yangu mzazi. Marehemu. Tulieni niwaeleze...

Mimi natengeneza gemu za simu. Kampuni nzima ni mimi, meza moja na feni inayokohoa. Mchoraji mimi, fundi mimi, wa kujibu malalamiko pia mimi.

Gemu yenyewe inaitwa Chumba cha Mama. Unamuuguza mgonjwa siku saba. Unamfungulia pazia, unamgeuzia mto, unampa kidonge, unamsomea barua. Siku ya saba unamkuta amelala, haamki tena.

Basi. Hakuna damu wala bunduki.

Nilianza kuitengeneza wiki tuliyomzika. Niliogopa kumsahau.

Sasa, gemu haiingii sokoni kabla hujajaza fomu ya umri. Kuna mapigano? Hapana. Kuna matusi? Hapana. Dawa za kulevya? Hapana. Nikapewa "inafaa kwa wote".

Watu wakaipenda. Mwalimu mmoja akaniandikia kwamba ana wanafunzi wawili waliofiwa, walikuwa hawasemi na mtu, na baada ya kuicheza wameanza kuongea. Nililia peke yangu mezani.

Halafu asubuhi hiyo... 18+.

Mnajua maana yake? Kwenye simu za wanafunzi haionekani tena. Yule mwalimu hawezi kuigusa. Ukiitafuta, unaikuta imepangwa na gemu za kamari. Wachezaji elfu mbili, wiki moja tu, wakabaki themanini.

Nikakata rufaa. Ikanijibu mashine: "Asante, tumepokea."

Kampuni kubwa zina wanasheria. Mimi nilikuwa na feni.

Siku tisa sikuongea na binadamu. Sitanii. Siku niliyotoka kununua sabuni, nilimsalimia muuza duka, sauti ikagoma. Akadhani nina mafua.

Siku ya kumi wakanitumia lalamiko lililoniletea ule muhuri, bila jina la mlalamikaji:

"Mchezo huu unafundisha kuua mgonjwa. Ukimpa mama kile kidonge cha njano mara mbili, anakufa."

Nikasoma. Nikarudia.

Jamani... kwenye gemu yangu kidonge ni cheupe.

Vya njano vilikuwa kwenye chumba halisi cha mama, nyumbani. Na waliomuuguza mama mle ndani ni wawili tu. Mimi na baba.

Nikaifunga laptopu.

Mimi na baba, tangu mazishi, tulibaki watu wa salamu. "Shikamoo baba." "Marahaba, mzima?" "Mzima." Simu inakatika. Lakini kunichomea riziki yangu? Baba yangu mwenyewe?

Nikapanda basi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia, na hayakuwa mazuri.

Mzee wangu ni fundi cherehani. Nilimkuta anapinda suruali ya mtu.

"Baba, ni wewe uliyeishtaki gemu yangu?"

Hakubisha. Akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Umeitengeneza ili watu wanijue," akasema.

"Wakujue vipi?"

"Siku ile ya mwisho nilimpa kidonge asubuhi. Nikasahau, nikampa tena. Akalala..."

Mikono ilikuwa inatafuta uzi ambao haupo.

"Nikacheza gemu yako. Nikampa mara mbili, akafa. Nikasema, kumbe mwanangu anajua. Sasa ananitangaza."

Yale maneno niliyopanga yakayeyuka yote.

"Baba, siku ya saba anakufa hata usipompa kitu. Mimi ndiye niliyeandika hivyo."

"Hiyo ni gemu. Mama yako je?"

Hapo nikabanwa... maana na mimi nilikuwa na langu.

"Daktari aliniita pembeni siku nne kabla. Alisema mama hamalizi wiki, tufanye tusifanye. Vile vya njano ni vya kichefuchefu tu, na alisema kikizidi kimoja si neno."

Akaisukuma suruali pembeni.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka ubaki na matumaini, baba."

"Matumaini..." Akaitoa miwani, akaishika tu. "Miaka miwili najiita muuaji. Kila nikikupigia nataka kukuambia, nashindwa."

Hakufoka. Afadhali angefoka.

Tulikaa pale mpaka mwenye suruali akaja kuichukua, akakuta haijaisha, akaondoka bila kuuliza.

Baba aliandika mwenyewe kufuta lalamiko, kwa kidole kimoja. Mimi nikajaza fomu upya, safari hii kwa ukweli. Kuna kifo? Ndiyo. Kuna dawa? Ndiyo, za hospitali. Nikapewa 12+, na sina kinyongo. Yule mwalimu amerudi. Wengi hawajarudi, na huenda hawatarudi.

Nyumbani bado ni mimi na meza. Upweke haukuisha, nisiwadanganye. Ila siku hizi baba akipiga, baada ya "mzima?" simu haikatiki.

Ndugu zangu, nilihadithia kifo cha mama kwa watu elfu mbili nisiowajua, nikamruka mmoja aliyekuwa amemshika mkono. Kama una neno la kumtua mtu mzigo, mpe leo, kwa mdomo wako. Baba yangu alilihitaji miaka miwili, na muda wote lilikuwa kwangu.