Kabati la Bafu la Bi Stumai

Tunduma mwezi wa Juni ni baridi. Hata hivyo, kila alfajiri Bi Stumai alitawadha nje uani. Mkwewe, Fauzia, alimsikia akimwaga maji, na roho ilimuuma.

Bi Stumai alitoka Kondoa kuja kuishi na mwanawe Masudi, dereva wa lori. Fauzia akiwa dukani, yeye ndiye aliyekaa na wajukuu. Nyumba ilikuwa na bafu zuri la ndani. Tatizo lilikuwa kabati.

Masudi alilala gesti moja ng'ambo ya mpaka, akapenda kabati la bafuni, akalipiga picha kwa simu. Fundi wa kwanza aliliiga vilevile, bila kuuliza neno. Lakini kule gesti watu wanaoga kwa bomba la mvua, nyuma ya pazia. Kwa Masudi wanaoga kwa ndoo na kopo, na maji yanaruka kila upande. Kabati lilikuwa la chipbodi, mbao ya maranda yaliyogandishwa kwa gundi, tena limekaa sakafuni. Haikuchukua muda likavimba kama andazi. Baya zaidi, lilijaza ile pembe ambapo Bi Stumai alizoea kuweka kigoda chake. Magoti yake yalikuwa mabovu. Asipoketi, hawezi kuosha miguu.

Jioni moja alisema anarudi Kondoa. Hakugombana na mtu.

"Bafu lenu silimudu, wanangu," alisema. "Na baridi ya nje nayo siiwezi."

Masudi alidhani dawa ni kununua kabati jingine, kubwa zaidi. Mwanamume akipenda kitu, hakosi sababu ya kukirudia. Fauzia alikataa. Alimwita Sekela, fundi seremala kutoka Ileje.

Sekela alikuja na futi na chaki. Kwanza alilitoa nje kabati lililovimba. Alimwamkia Bi Stumai, kisha akamwomba aketi bafuni kwenye kigoda, atawadhe bila maji, kama afanyavyo siku zote. Bi Stumai alicheka, lakini aliketi. Akanyoosha mguu. Alipotaka kuinuka, mkono wake ulipapasa ukuta, usipate pa kushika.

Sekela alichora sakafuni pale mguu ulipofika. Ukutani alichora mstari pale madoa ya sabuni yalipokomea. Masudi aliuliza kwa nini hachori kwenye karatasi.

"Nitachora, kaka," alisema Sekela. "Ila kwanza nijue nani anaoga humu, na anaoga vipi. Chini hapa ni pa bibi. Kabati litapanda juu ya mstari huu."

Aliwaeleza mengine taratibu. Mbao iwe mninga mkavu, ipakwe vanishi pande zote, hata mgongoni, maana maji hupenya pale palipoachwa. Bawaba ziwe za shaba, zisishike kutu. Rafu ya juu iwe na mlango wa kufuli, dawa za kusafishia choo zikae humo, mbali na watoto. Ubavuni kiwepo kirafu kidogo cha wazi, mtu aliyeketi akifikie.

Ndipo akachora kwenye karatasi, akamwonyesha Bi Stumai kwanza. Bibi aliomba kirafu kishuke kidogo. Sekela akafuta, akachora upya. Kufuta karatasi ni rahisi. Mbao ikishakatwa, imekatwa.

Siku ya kufunga, alitoboa ukuta, akaingiza fisha, vile vijiti vya plastiki vya kushika skrubu, akakaza skrubu, akahakikisha kwa pima maji kwamba kabati limenyooka. Kando yake alifunga chuma cha kushikia. Akalivuta kabati kwa nguvu zake zote. Halikutikisika. Bi Stumai alitazama yote, na Fauzia aliogopa kumuuliza kama bado anaondoka.

Kesho yake bibi alitawadha ndani. Wiki ikapita. Masudi alipojiandaa kwenda stendi, alimuuliza mama yake amkatie tiketi ya siku gani.

"Tiketi ya nani?" alijibu Bi Stumai. "Wewe waambie wanao waache kugusa kirafu changu. Mafuta yangu wanayamaliza."