Kisu cha Mpini wa Pembe

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya kilima cha Sagalla Abby aliposhuka kwenye bodaboda, mkoba kifuani, vidole viwili vya mkono wa kulia vimekufa ganzi.

"Dada, nikungoje ama?" Mulei, mwenye pikipiki, aliuliza. "Na huo mkoba unalia chuma chuma, unaenda kuchinja nani?"

"Ningoje. Sikai."

Mkobani mlikuwa na visu kumi na viwili vya kukunja, vile wazee hutia mfukoni. Mwaka mzima alivitafuta, kutoka Rukanga hadi Njukini, na kila boma aliambiwa kisu cha kukunja si cha mwanamke. Kwa nini? Hakuna aliyempa sababu. Ati wanawake, wanaochinja kuku na kukata vitovu vya watoto! Ijumaa vingekuwa kwenye maonyesho ya chuo. Kimoja, anachokipenda kuliko vyote, kingekaa mbele, jina la Abby limeandikwa chini.

Hakuhitaji kufikiri. Ni cha mpini wa pembe, cha marehemu Mzee Geoffrey wa hapa Sagalla. Donald, mwanawe, alimpa mwezi uliopita, wiki ya matanga, mjane akiwa kanisani.

Tangu hapo, kila asubuhi alikikuta wazi. Akakikunja. Akakikuta wazi. Kidole cha mwisho kikafa ganzi, kisha cha pili. Leo alijikata nacho. Aliona damu. Hakusikia kitu.

Mjane, Nyanya Teresia, alikuwa jikoni akimenya mbaazi kwa kupapasa. Macho yake yalifunikwa na utando mweupe.

"Ni yule mbishi wa chuo?"

"Ni mimi, nyanya. Nimerudisha kisu cha Mzee, mkono unakufa ganzi."

"Donald ni mjinga. Aliona sura nzuri, akasahau mila. Kitu cha marehemu hakitoki nyumbani kabla mjane hajatasa. Nipige funda la maji, niyapulize chini, hasira zote zitoke nayo. Mimi sikutasa." Akavuta bakuli la maji karibu. "Kiweke hapo sakafuni. Kikilala hapa, mkono wako utarudi. Lakini kiwe chenyewe. Sitasi mara mbili."

Abby akafungua mkoba. Ikatoka harufu ya pembe iliyoungua...

Alikishika kile cha pembe. Mzee Geoffrey yuko kaburini, na bado anaamua nani ashike nini? Kwa hoja gani? Tena ganzi haina maumivu. Mtu anaweza kuishi nayo.

Akakirudisha. Akaweka sakafuni kile cha mpini wa mti, cha Njukini.

"Ndicho?"

"Ndicho, nyanya."

Teresia akapiga funda la maji. Fuuu...

"Geoffrey, moyo wangu ni mweupe. Chukua chako, umwachie mtoto wa watu mkono wake."

Hata kuku nje walinyamaza.

Ka!

Ndani ya mkoba.

Bibi kizee aliinua uso. Akanong'ona, "Mwanangu... una nini humo?"

"Ni zipu."

Teresia aliburuta kigoda chake nyuma, polepole, mpaka mgongo ukagusa ukuta. Hakumwambia kwaheri.

Walipoanza kuteremka kilima, mkono wote ulikuwa umekufa hadi begani. Abby aliuegemeza mkoba kati yake na mgongo wa Mulei, akatazama taa za Voi zikiwaka kule chini. Hazikuwa nzuri wala mbaya. Zilikuwa taa tu.

"Dada!" Mulei alipiga breki ghafla. "Mbona mgongo wangu umelowa? Umebeba nini?"

Abby akatazama chini. Ncha ya kisu ilikuwa imetoboa mkoba upande wake, ikapita kwenye blauzi, ikazama chini ya mbavu. Damu ilitiririka, ikapenya mkoba hadi mgongoni mwa Mulei, nyeusi katika giza la jioni.

Alijua kwamba hapa mtu hupiga kelele. Alifungua kinywa. Akautafuta woga, kifuani, tumboni, kooni...

Haukuwepo.

"Endesha tu, Mulei," akasema.